Mpiga Kinanda Kwenye Kiti cha Mzinga

Bafu la nyumba ya akina Noske lilikuwa halijaogewa tangu mwanzo wa wiki. Badala ya maji lilijaa mafuta ya taa, na ndani ya mafuta ya taa ililala springi moja nene kama paja la mtu mzima, imelowekwa ili kutu iachie. Valmai Noske alisimama mlangoni na taulo begani, akaitazama springi ile jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyesema atakaa siku mbili na sasa anauliza pa kuanika nguo zake.

"Rex!"

"Naam, mpenzi."

"Mtoto wako bado amelala bafuni kwangu."

"Kesho anatoka. Naapa."

"Na jana uliapa. Mimi nikaoge wapi, kwenye birika la kondoo?"

"Maji ya kule ni safi kuliko yetu," Rex akajibu kutoka uani, na Valmai akasikia watu wawili wakicheka. Kwa hiyo na Athol alikuwapo, yule mpeleka barua ambaye siku hizi alimaliza kugawa barua za Port Hallam nzima kabla ya saa nne, kisha akashinda kwenye banda la Rex mpaka mkewe apige simu.

Springi ile ilikuwa kiungo kimoja tu cha mtoto mwenyewe: mzinga wa kutungulia ndege, Bofors, wa wakati wa vita. Mjomba wake Rex aliununua kwenye mnada jeshi lilipokuwa likiuza vitu vyake vya ziada, na hakuutaka kwa ajili ya kupiga chochote. Alitaka magurudumu. Akang'oa mtutu akautupa nyuma ya ghala, akafunga pampu ya maji juu ya kile kitako cha chuma, akawa anaikokota kutoka kisima hadi kisima. Mjomba alipofariki na shamba likauzwa, Rex alirudi nyumbani na lori, na nyuma ya lori kuna lile dude, na usoni ana furaha ambayo Valmai hakuwa ameiona tangu siku ya harusi yao. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Miaka ikapita. Kifaa hiki kilitoka kwa mtu wa Perth, kile kilikutwa kwenye duka la vyuma chakavu, mtutu mzima ukapatikana kwa kubembeleza. Jumapili moja Valmai alirudi kutoka kanisani, akafungua oveni atie mguu wa kondoo, akakuta pete ya chuma kubwa kama sahani inaokwa humo.

"Lazima ipate moto ili ipanuke, ndipo iingie mahali pake," Rex alieleza, akiwa amevaa glavu zake Valmai za jikoni.

"Na sisi tunakula nini?"

Siku hiyo walikula mkate na jibini. Mguu wa kondoo uliopikwa Jumapili iliyofuata ulinukia grisi, na Rex alikula vipande vitatu.

Valmai mwenyewe alikuwa mtu wa kinanda. Alikuwa binti wa wakulima wa shayiri, Walutheri wa tangu babu, na tangu akiwa msichana ndiye aliyepiga kinanda katika kanisa dogo la mawe pale Port Hallam. Kilikuwa kinanda cha kukanyaga, chenye pumu, na nzige walikuwa wameingia humo mwaka mmoja wakafia ndani. Waimbaji wake walikuwa wakulima waliochoka, waliovuta kila ubeti kama wanavuta ng'ombe kutoka matopeni. Mara moja tu katika ujana wake alipelekwa Adelaide na kwaya, akaruhusiwa kukaa kwenye kinanda kikubwa cha mabomba. Alikanyaga ile sauti ya chini kabisa, na benchi likatetemeka, na sakafu, na mbavu zake, mpaka akaondoa mguu kwa woga. Kisha akaurudisha. Hakumwambia mtu jambo lile. Alirudi nyumbani, akaolewa na Rex, akalea mabinti wawili waliokwenda zao Melbourne, akaendelea kukanyaga kinanda chenye pumu.

Aliingia kwenye shughuli ya mzinga kwa sababu Rex alihitaji mtu wa kuzungusha hendeli huku yeye akiwa amelala chini na tochi mdomoni.

"Kaa tu hapo," Rex alimwambia. "Zungusha pole pole. Nataka kusikia gia."

Valmai akakaa kwenye kile kiti cha chuma chenye umbo la makalio ya mtu asiyemjua. Akashika hendeli mbili, akazungusha. Alitarajia uzito. Lile dude lilikuwa na uzito wa lori tupu. Likageuka kama mlango uliotiwa mafuta vizuri, yeye nalo, kiti na mtutu na jukwaa lote, kimya, likapita mlango wa banda, likapita trekta, likapita mti wa pilipili na kasuku wake wa kijivu na waridi, likasimama pale pale mkono wake uliposimama.

"Mungu wangu," alisema.

"Umesikia kitu? Inakwaruza?" Rex akauliza kutoka chini.

"Haikwaruzi."

"Basi kwa nini unamwita Mungu?"

Valmai alizungusha tena upande wa pili.

Jioni ile, kwa mara ya kwanza, alimwacha Rex aeleze, na Rex alieleza kwa vijiko na kikopo cha biskuti mpaka chai ikapoa. Risasi nne zimeshikwa pamoja kwenye kibanio. Mtu anayelisha anasimama nyuma juu ya jukwaa, anazitumbukiza kutoka juu kama anayetia mkate kwenye kibaniko. Akikanyaga pedali, ya kwanza inalia. Mtutu unarushwa nyuma kwa nguvu ya mlipuko, na ile springi nene ya bafuni inaupokea na kuurudisha. Katika kwenda na kurudi huko, mlango wa chumba cha risasi unafunguka wenyewe, ganda tupu linatupwa nje, risasi ya pili inasukumwa ndani, mlango unafunga. Ukiwa hujatoa mguu, inalia tena. Mbili kwa kila sekunde.

"Hakuna injini?" Valmai aliuliza.

"Hakuna injini, hakuna umeme. Risasi inayoondoka ndiyo inayoifungulia mlango inayofuata."

Valmai aligeuza kijiko mkononi. Mtu fulani huko Uswidi, kabla yeye hajazaliwa, alikuwa amekaa na penseli akafikiria jambo hilo lote mpaka mwisho, kila kabari na kila jino, na likawa kweli. Alikwenda kulala akiliwaza.

Kikundi chao kilikuwa na watu wachache: Rex wa kulisha, Athol wa kuzungusha mtutu juu na chini, Garth wa pale kwenye maghala ya nafaka wa kuuzungusha kushoto na kulia, na majirani wawili wa kubeba risasi. Baada ya barua nyingi, jeshi likawakubalia siku moja ya kupiga kweli kwenye uwanja wake wa shabaha ufukweni, kwa risasi za mazoezi zilizokuwa zimekaa ghalani na ambazo bila hivyo zingeteketezwa. Zilikuwa risasi zisizolipuka, zenye mkia wa moto ili mpigaji aone zinakokwenda.

Wiki ya kwenda, Garth akateleza kwenye ngazi ya ghala, akavunjika mkono.

Rex na Athol waliketi jikoni kwa Valmai kama watu wa msibani. Athol alikunja kofia yake, akaikunjua.

"Tuwaombe watusogezee tarehe," alisema.

"Hawatasogeza," Rex akasema. "Tukikosa hii, tumekosa."

"Nani mwingine anaijua hendeli ile?" Athol akauliza.

Valmai alikuwa anamenya viazi, amewapa mgongo. Kisu kikasimama. Alipogeuka aliwakuta wote wawili wanamtazama.

"Msinitazame hivyo," alisema. "Nina miaka hamsini na tano."

"Mzinga wenyewe una zaidi," akasema Athol.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa tatu, mavuno yamekwisha, mashamba yamebaki mabua meupe mpaka yanapokutana na bahari. Upepo wa kaskazini ulileta joto na nzi. Waliuteremsha mzinga kutoka kwenye magurudumu, wakautandazia miguu yake minne, wakakaza jeki mpaka kiputo kwenye kipimo cha usawa kikakaa katikati. Sajini Pruitt, mwanamke mrefu aliyewekwa na jeshi kuangalia usalama, alizunguka akigusa kila kitu kwa kidole chake, kisha akawagawia vya kuziba masikio.

"Neno langu likiwa 'acha', mguu unatoka kwenye pedali," alisema. "Mtu asinibishie hapo. Baadaye mnaweza kunibishia mpendavyo."

Shabaha zililetwa na Mervyn Tilbrook, fundi wa televisheni wa Port Hallam, ambaye alitengeneza ndege za mbao nyepesi na kuzirusha kwa redio. Zilikuwa nyekundu, kila moja na mabawa marefu kupita urefu wa mtu. Alizipanga mchangani kama anayeanika samaki.

"Sita," alisema. "Na sita nitarudi nazo nyumbani. Valmai, mama, wewe nakuheshimu, lakini huyo mumeo hajawahi kupiga hata sungura aliyelala."

"Rusha hizo takataka zako, Merv," Rex alisema kutoka jukwaani.

"Takataka! Nyinyi leo mtawatia hofu samaki tu."

Valmai akakaa. Upande wake wa kushoto ni chuma, ng'ambo ya chuma ni Athol, nyuma na juu yao ni Rex na kibanio cha kwanza mikononi. Mbele ya jicho lake kulikuwa na kilengeo: maduara ya waya, moja ndani ya jingine, kama utando wa buibui aliyesoma hesabu. Garth, mkono wake ukiwa umening'inia shingoni, aliinama sikioni kwake.

"Usiiweke ndege katikati," alisema. "Risasi inachukua muda kufika. Ikae kwenye duara la nje, ikielekea katikati. Unapiga mahali itakapokuwa."

Valmai akatikisa kichwa. Hilo alilielewa kuliko Garth alivyodhani. Waimbaji wa Port Hallam walibaki nusu neno nyuma ya kinanda kila Jumapili, naye alikuwa amezoea mikono yake kuwa mbele ya masikio yake.

Ndege ya kwanza ikaja kutoka kusini, ikilia kama nyuki kwenye kopo. Valmai akazungusha, ikaingia kwenye duara, akaifuata.

"Piga!"

Hakusikia mlio. Aliupokea mwilini. Kitu kilimpiga kifuani kutoka ndani, kiti kikaruka chini yake, ulimwengu ukawa mweupe, kisha vumbi, kisha pigo lingine kabla hajajua la kwanza limekwisha, na lingine, na lingine. Kisha kimya, na kengele za shaba: maganda yakidondoka mbele, yanafuka moshi. Aligundua kwamba ameachia hendeli zote mbili na ameshika kofia yake.

Ndege ya Mervyn ilizunguka juu ya maji, ikapunga bawa.

"Samaki wanasalimia!" Mervyn akapiga kelele kutoka nyuma ya mifuko ya mchanga iliyomkinga.

"Uko salama, mpenzi?" Rex aliinama kutoka juu. Uso wake ulikuwa mweupe kwa wasiwasi. "Tunaweza kuacha. Kweli. Nakwambia kweli, tunaacha sasa hivi."

Valmai alimtazama. Harufu ya baruti, kali na tamu, ilikuwa imejaa puani mwake.

"Weka nyingine," alisema.

Safari ya pili hakuachia. Safari ya tatu alifumbua macho muda wote, na ndipo alipoziona. Kila risasi ilitoka kama kaa jekundu la moto, ikaenda haraka mno, kisha, kadiri ilivyokwenda mbali, ikaonekana kupunguza mwendo, ikainama, ikaelea juu ya bahari kama inayotafuta mahali pa kukaa. Nne, moja nyuma ya nyingine, kwenye mstari uliopinda taratibu. Mstari ule ulitokana na mikono yake. Ulikuwa umepita nyuma ya mkia wa ndege, karibu sana. Alijua sababu: alikuwa amesubiri kuiona, badala ya kuitangulia.

"Athol," aliita, "nyanyua kidogo ikivuka ule mlingoti wa bendera pale ufukweni, usingoje nikwambie."

"Sawa, bosi," Athol akasema, na hakuwa anatania.

Ndege ikaja, na upepo nyuma yake. Valmai hakuizungushia hendeli kwa mikono tena, au ndivyo ilivyomjia. Mzinga mzima, na watu waliokuwa juu yake, ulikuwa unageuka kwa sababu yeye anatazama. Ndege ilikaa kwenye duara la nje, ikatulia pale kama imebandikwa. Aliitangulia kidogo. Rex akakanyaga.

Ya kwanza ikapita mbele. Ya pili ikapita mbele. Ya tatu ikakutana nayo.

Hakukuwa na moto. Palikuwa na ndege nyekundu angani, kisha palikuwa na vijiti na karatasi vikishuka polepole, vikizunguka, na injini ndogo ikianguka peke yake moja kwa moja majini.

Watu wakapiga mayowe. Mervyn alikuwa wa kwanza. Alitoka mbio kwenye mifuko yake, kisanduku cha redio kimening'inia shingoni, akirusha mikono.

"Mmeiona? Mmeiona ilivyokwenda? Miezi miwili nimeitengeneza ile! Miezi miwili! Oho, mama yangu!" Akamshika Rex, akamshika Athol, akafika kwa Valmai akasimama, akavua kofia. "Nilisema nakuheshimu. Sasa nakuogopa."

Valmai alicheka pamoja nao. Lakini macho yake yalibaki kule vijiti vilikoshuka. Ndege ambazo mzinga huu ulitengenezewa hazikuwa na fundi wa televisheni aliyekaa nyuma ya mifuko ya mchanga. Zilikuwa na kijana ndani. Na pale alipokaa yeye, juu ya chuma hiki hiki, alikaa kijana mwingine, akizungusha hendeli hizi, huku ile ndege ikimjia yeye. Akaondoa mikono kwenye hendeli, akaifuta kwenye nguo yake. Sajini Pruitt alikuja akasimama karibu, akampa kikombe cha chai kutoka kwenye chupa yake.

"Inawapata wengi," alisema. "Wasiopatwa nayo ndio siwapendi kuwa nao uwanjani."

"Ni kitu kibaya," Valmai alisema.

"Ni kibaya."

"Na ni kizuri mno."

Sajini alitazama mtutu, ambao joto lilikuwa likicheza juu yake. "Ndiyo," alisema. "Sijawahi kupata jibu la hilo. Kunywa chai."

Waliendelea mpaka jua likaanza kuegemea magharibi. Mervyn alirudi na ndege tatu, mbili zikiwa na matundu. Ilipobaki sanduku la mwisho, Rex alishuka jukwaani, akajifuta jasho, akamkuta mkewe anaangalia ile pedali.

"Panda," akamwambia.

"Mimi?"

"Panda, bwana. Mimi nitakaa kwenye kiti chako."

Sajini akakubali, mradi wapige kwenye bahari tupu. Valmai akapanda. Kibanio cha risasi nne kilikuwa kizito kama ndama mchanga, lakini alikuwa amebeba magunia maisha yake yote. Akakitumbukiza. Kikashuka kwa mlio wa kuridhika. Akaweka mguu juu ya pedali, wala hakuangalia chini. Mguu wake ulijua kutafuta chuma bila macho.

"Piga ukiwa tayari," alisema Sajini.

Akakanyaga, na hakuondoa mguu.

Kutoka pale juu aliona kila kitu. Mtutu ulikwenda nyuma ukarudi, nyuma ukarudi, springi ikijikunja na kujikunjua, mlango ukifunguka na kufunga wenyewe, risasi zikishuka moja moja mbele ya tumbo lake kama zina haraka ya kwenda. Jirani akampa kibanio kingine, akakitia, na kingine. Ardhi ililia chini ya viatu vyake. Kila pigo lilipanda kwenye nyayo likatokea utosini, na kati ya pigo na pigo kulikuwa na upenyo mdogo ambamo alisikia pumzi yake mwenyewe. Makaa mekundu yalikwenda juu ya maji, mengi, yakapinda, yakazimika moja baada ya jingine mahali ambapo jicho lilishindwa kufika. Alijiona mdogo sana, wala hakuumia kujiona hivyo. Alitamani yasimalizike.

Yakamalizika. Mguu ulibaki kwenye pedali, pedali ikiwa imegota mwisho.

"Valmai," Rex aliita kutoka kwenye kiti. Alikuwa amegeuka anamtazama. "Val. Unalia."

"Ni moshi," alisema.

Walirudi na giza la jioni likiingia, lori likivuta mzinga polepole, masikio ya wote wawili yakivuma. Rex aliendesha kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyebeba mayai.

"Umenikasirikia?" aliuliza mwishowe. "Kwa miaka yote hii. Oveni na nini."

"Ndiyo," Valmai akasema. Kisha akasema, "Rex. Ipo mingine?"

"Mingine nini?"

"Kama huu. Wakulima walinunua mingi. Iko wapi?"

Rex alimtupia jicho, akarudisha macho barabarani. Alikohoa. "Kuna mzee mmoja kule njia ya Minlarra," alisema kwa uangalifu. "Zamani alikuwa akibebea majani makavu kwenye kitako cha mmoja. Na nimesikia hakuutoa mtutu. Sikutaka kukuambia."

"Jumamosi una kazi?"

"Sina."

Jumamosi wakaenda. Mzee wa Minlarra aliwapokea getini, akamshika Rex mkono, wakaanza kuzungumza habari za mvua, jinsi wanaume wanavyoanza. Valmai hakungoja. Alikwisha kuuona, nyuma ya banda, umezama kwenye nyasi hadi kiunoni, kondoo wamelala kwenye kivuli chake. Akauvuka uzio, akawapita kondoo. Kwenye kiti cha anayeuzungusha mtutu kushoto na kulia kulikuwa na kuku ameatamia. Valmai alimwinua kwa mikono miwili, kwa adabu, akamweka chini pamoja na mayai yake moja moja, akapanguza kiti kwa sketi yake, akakaa. Akashika hendeli. Zilikuwa zimeganda kabisa. Akaziegemea kwa uzito wake wote, akangoja, akaziegemea tena.